Jinsi Nilivyokiosha Kibuyu cha Koko

Mmeniuliza wenyewe. Tangu nirudi sijanunua hata fungu la sukuma wiki bila mtu kunishika mkono na kuniambia, "Mwalimu, hebu tuambie ilikuwaje." Jumapili iliyopita mchungaji mwenyewe alinikonyeza katikati ya matangazo. Basi nimeamua kuandika mara moja, msome, mcheke, kisha mniache ninunue mboga zangu kwa amani. Nina ombi moja tu: atakayesoma kwa sauti asiigize sauti yangu. Najua huwa mnaiigiza.

Kitengela, maji yalipotukuta

Safari yenyewe ilianza kwa mto. Mto wetu umefurika tangu zamani, lakini ulikuwa na adabu zake. Ukijaa, unatokea upande wa pili, kwenye uwanda mtupu, unakaa siku mbili, unarudi. Mwaka huu mtu mmoja aliupenda ule uwanda akajenga ukuta, ukuta mzuri wa mawe ya kuchonga, na mto ukakuta njia yake imefungwa. Ukaja kwetu. Tunamshukuru Mungu watu wote walitoka, ingawa mnajua ni magodoro mangapi yalianikwa kwenye ua wa kanisa wiki ile.

Watu walipokwisha kupata pa kulala, mimi nikakumbuka kile chumba. Mnakijua, chumba cha kumbukumbu nyuma ya kanisa, ambacho ufunguo wake naubeba mimi tangu nistaafu kufundisha. Ndimo tulimoweka vigoda vya babu zetu wa Ukambani, shanga na mikuki ya majirani zetu Wamaasai, na vyungu ambavyo watoto wa shule huja kuvichungulia na kuuliza kama kuna choo. Vyote hivyo vilikuwa vyetu. Kimoja tu kilikuwa cha kuazima, nacho ni kibuyu cha Koko.

Koko ni bibi yake Naserian, yule nesi mrefu wa zahanati. Anaishi huko mbele ya Bisil, na kila mtu humwita Koko, yaani bibi, hata wenye mvi. Kibuyu chake ni cha maziwa, cheusi kwa moshi, kina mkanda wa ngozi na kauri chache shingoni. Mama yake Koko alitoka nacho kwao siku ya kuolewa, kimejaa maziwa. Koko akatoka nacho. Binti yake akatoka nacho. Na Jumamosi ya wiki iliyofuata mafuriko ilikuwa zamu ya Naserian.

Nilipofungua mlango, tope lilikuwa linanifika magotini. Meza ilikuwa imeelea mpaka karibu na dari kisha ikashuka na maji, na juu yake kibuyu kimekaa kama mgeni anayesubiri chai. Kilikuwa na tope nje na ndani, lakini hakikuvunjika. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponihukumu. Mimi ni Mkamba. Kwetu kitete, yaani kibuyu cha uji, huoshwa. Nilichukua maji ya moto, sabuni ya unga na kokoto safi, nikatikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Nikarudia mara tatu. Nje nikasugua kwa ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria, na weusi wote ukatoka. Nikakianika juu ya mabati siku mbili, kwenye jua kali la baada ya mvua. Kikang'aa. Nilijiona mtakatifu.

Ndiyo, nilihudhuria semina. Semina ya siku moja ya kulinda urithi wa jamii wakati wa majanga, na cheti ninacho, kimetundikwa sebuleni. Kulikuwa na somo zima la kutoosha kitu chochote kabla ya kumwuliza mwenyewe. Nilikuja kulisoma baadaye kwenye karatasi tulizopewa, kwa sababu somo hilo lilifundishwa saa nne na nusu, na saa nne na nusu mimi nilikuwa kwenye foleni ya mandazi.

Mama Sein, Mmaasai na mwenyekiti wetu wa kamati ya kile chumba, ndiye aliyeniamsha kutoka utakatifuni. Alikishika kibuyu, akakinusa, akaketi juu ya ndoo.

"Mwalimu," akasema, "nani ameoga na hii?"

Nikamweleza kwa fahari. Akaniwekea mdomo wa kibuyu puani.

"Kibuyu ya maziwa haioni sabuni. Inasafishwa na moto. Inasafishwa na ile kuni yake. Ukiweka sabuni, maziwa itakataa kukaa ndani. Na harusi ni Jumamosi ijayo."

"Basi tukitume kwa gari la mizigo, Koko akitengeneze."

"Apana. Aliyeosha ndiye anapeleka. Na anasema na mdomo yake."

Kisha akanifundisha salamu, maana alijua sijui. Koko akisema "Takwenya," nami nijibu "Iko." Hiyo tu, nisiongeze kitu. Mwalimu wa miaka thelathini hafundishwi mara mbili. Nilizunguka nyumba nzima nikijibu "Iko" kwa jiko, kwa paka na kwa mume wangu.

Kitengela hadi Isinya, juu ya nyasi

Jumatatu asubuhi nilitoka na kibuyu kimefungwa ndani ya shuka, kimekaa kifuani kwangu kama mtoto mchanga. Wawili walinipisha njia na mmoja akanipongeza.

Barabara ilikuwa imemong'onyoka mahali, magari yamepanga foleni mpaka yasikoonekana. Nilisimama saa nzima kabla ya dereva wa lori la nyasi za ng'ombe kunihurumia. Mbele palikuwa pamejaa, kwa hiyo nikapandishwa juu, kwenye marobota, mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Nawaambia, nchi hii inaonekana vizuri sana ukiwa juu ya nyasi. Nyasi zenyewe lakini huingia kila mahali, na ninaposema kila mahali nina maana hiyo hiyo.

Tulikwenda, tukasimama, tukaenda. Katikati ya njia simu ikalia. Namba ngeni, upepo mkali, mtandao wa kubahatisha.

"Takwenya!" sauti ya kikongwe ikasema, nikatambua ni Koko.

"Iko!" nikapaza, kama mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele.

Akacheka kwa furaha. Akasema maneno marefu ya Kimaasai, upepo ukayala, nikasikia neno la mwisho tu kama "enkukuri." Nikajua ni sehemu ya pili ya salamu. Hata sisi Wakamba salamu zetu hazimalizwi mara moja.

"Iko!" nikajibu.

Akauliza tena. Nikajibu tena. Kisha akahamia Kiswahili, akauliza neno moja:

"Mzima?"

Bibi wa watu, tena nimemharibia kitu chake, ananijulia hali. "Mzima kabisa, Koko! Mzima sana!" Mtandao ukakatika. Nikakaa juu ya nyasi zangu nikiwaza kwamba mambo yatakuwa mepesi.

Tulifika Isinya jua likielekea kuchwa. Dereva alinishusha kwa heshima, akaniambia, "Mathe, uko na nyasi kwa kichwa," akaondoka kabla sijamuuliza ni kiasi gani. Nililala kwa dada mmoja wa kanisa, ambaye alinichambua nyasi kwa chanuo huku akinisimulia ugonjwa wa kuku wake wote, mmoja mmoja.

Isinya hadi Kona Baridi, kutafuta kuni

Jumanne nilimpata Abdi. Abdi ni mfanyabiashara wa mifugo, familia yake ilitoka Garissa zamani, sasa wanaishi Kajiado mjini. Alikuwa na pikapu yenye mbuzi kumi na mmoja, na alikuwa anaenda Kiserian machinjioni kwanza, kisha arudi Kajiado. Nilikubali kuzunguka naye, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa kitupu na nilikuwa nimechoka na nyasi.

Akaniuliza ninabeba nini. Nikamwambia. Nilipofika kwenye sabuni, alipunguza mwendo.

"Mama, sisi pia tunafukiza vyombo vya maziwa. Mama yangu ungemuoshea chombo yake na sabuni, leo ungekuwa unatembea na fimbo mgongoni."

"Kwani mnapenda moshi nyote?"

"Maziwa bila moshi ni maji nyeupe," akasema, na mbuzi nyuma wakalia kana kwamba wameulizwa.

Ni Abdi aliyenitia wazo la kuni. Alisema kule tambarare kwa Koko kuna miiba tu, na kwamba ule mti unaotakiwa, Wamaasai wanauita oloirien, unaota juu milimani. Tukishashusha mbuzi, Kona Baridi si mbali. Nikiwa na kuni mkononi, akasema, hata kosa litapungua uzito. Niliona huyu ni mtu mwenye hekima.

Kona Baridi mnakusikia kwa jina. Mimi sasa nimekusikia kwa mifupa. Upepo unapanda kutoka bondeni bila hodi, unaingia kwenye sketi na kuuliza maswali. Kando ya barabara palikuwa na mama anauza mahindi ya kuchoma, na pembeni yake matita ya kuni yamefungwa kwa kamba.

"Hii ni ile ya kibuyu?" nikamuuliza.

"Ya kibuyu kabisa."

"Oloirien?"

"Hiyo hiyo, customer. Nusa."

Nikanusa. Inanukia vizuri mno. Nikamchokoza, "Ni ya kweli au unaniona wa mjini?" Akacheka, akaniongezea mhindi mmoja, na mimi mtu akiniongezea kitu ninamwamini. Nilichukua matita mawili. Abdi alibaki ndani ya gari akijipulizia mikono, akasema yeye ni mtu wa ngamia, miti ya baridi haijui.

Njia nzima ya kurudi nilikumbatia kibuyu kwa mkono huu na kuni kwa mkono ule. Nilijihisi nimekamilika.

Kajiado, maji ya Halima

Nililala kwa Abdi, na asubuhi ya Jumatano mkewe, Halima, aliniandalia anjera za moto, zile chapati laini za Kisomali, na sukari na samli, na chai nzito ya maziwa yenye harufu ya moshi. Nilikunywa vikombe vitatu. Baada ya kile cha tatu ndipo nilianza kuelewa kilichonipata Kitengela. Ile harufu haikuwa uchafu. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, ya miaka na miaka, na mimi niliisugua kwa uzi wa chuma.

Halima aliomba akione kibuyu. Akakizungusha kwenye mwanga, akapitisha ukucha pembeni, akaenda kuleta kopo la maji. Akamimina ndani. Tukatazama. Chini kidogo ya tumbo, ukatokea unyevu mwembamba, kisha tone, kisha lingine.

"Mama," akasema polepole, "hii kibuyu inalia."

Lile jua la mabatini, ndugu zangu. Siku mbili. Ufa wenyewe ulikuwa mrefu kama kidole changu cha shahada. Mpaka hapo nilikuwa nabeba kosa la harufu, ambalo mtu anaweza kulizungumza. Sasa nilikuwa nabeba chombo kisichoweza kushika maziwa, siku tatu kabla ya bibi harusi kutoka nacho mbele ya ukoo mzima.

Ndipo Naserian akapiga simu. Alikuwa tayari kwao tangu Jumapili.

"Mwalimu, asante sana! Koko amefurahi ajabu. Kulikuwa na jirani alitaka kutupatia kibuyu yake, tulikuwa tunaogopa yetu ilienda na maji. Koko amemrudishia. Amesema wewe mwenyewe umemwambia kwa simu kibuyu iko, na ni mzima."

Niliketi kwenye gunia la mchele la Halima.

Miaka thelathini, jamani. Miaka thelathini nimefundisha ngeli darasa la nne. Mtu ni mzima, kibuyu ni kizima. Nimewachora watoto mistari myekundu mpaka kalamu ikaisha. Angesema "kizima" ningeelewa papo hapo. Lakini Koko anaongea Kiswahili kama tunavyokiongea sote huku bara, kila kitu kinavaa nguo ya kitu kingine, na mimi nilikuwa juu ya nyasi nikimhakikishia kwamba niko salama.

Nilitamani kurudi Kitengela. Nasema ukweli. Niliuliza hata magari ya kurudi yanapandwa wapi. Halima akanijazia kikombe cha nne, akaniambia, "Kunywa, halafu uende. Akikuua, tutakuja kukuchukua."

Kajiado hadi bomani kwa Koko

Abdi alinifikisha Bisil, maana siku hiyo alikuwa na ng'ombe wa kutazama sokoni. Kutoka hapo nilipanda bodaboda, kibuyu kifuani, kuni mgongoni, mpaka kwenye korongo ambalo kwa kawaida ni mchanga mtupu. Siku hiyo lilikuwa na maji ya kahawia yanayofika kwenye vigimbi vya miguu.

"Hapa ndio mwisho wangu, mathe," kijana akasema. "Hii maji haina tabia."

Nikavua viatu. Nikavuka nikiwa nimeinua kibuyu juu ya kichwa kwa mikono miwili, nikikiambia hakitaguswa na maji tena, hata kama mimi nitazama. Nilitembea karibu saa moja. Nilikosa njia mara mbili, mara zote kwa sababu ya kumfuata mtu aliyekuwa anaenda kwake.

Koko alikuwa ameketi nje kwenye kivuli cha ukuta wake, mwembamba, mikono imejaa shanga, na macho yanayoona kila kitu. Nikainama kumsalimu. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kama wanavyosalimiwa watoto. Mimi, mwenye wajukuu watano.

"Takwenya."

"Iko," nikasema, kwa sauti ndogo sana safari hii.

Nikamfungulia shuka. Alikichukua kibuyu, akakitazama vile kilivyong'aa, akafungua kifuniko, akaingiza pua. Naserian alikuja akasimama nyuma yake, kucha zake zimepakwa rangi ya harusi.

Nikasema yote. Maji, tope, sabuni, kokoto, uzi wa chuma, mabati, ufa. Nikafika kwenye simu, nikaeleza habari ya mzima na kizima, na Naserian akatafsiri palipohitaji.

"Mimi niliuliza enkukuri, kibuyu," Koko akasema. "Wewe ulijibu mwili yako?"

"Ndiyo, Koko."

"Basi tuliongea vizuri. Kila mtu alifurahi."

Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuwa na ruhusa hiyo. Akanusa tena.

"Ndani ya hii kulikuwa na harufu ya mama yangu," akasema. "Nikitoa kifuniko, nilikuwa naona mikono yake. Umeitoa. Mafuriko haikutoa. Wewe umetoa."

Nililia pale pale, na siwafichi. Mto hauna akili na mwenye ukuta sikumjua hata kwa sura, lakini hili nililifanya kwa mikono yangu, kwa nia njema, huku nikiimba pambio.

"Nimekasirika," Koko akaniambia. "Nitakasirika mpaka Ijumaa. Saa hii ni kazi."

Nikakumbuka zawadi yangu, nikamletea kuni mbio mbio. "Nimekuletea oloirien, Koko. Kutoka Kona Baridi."

Akachukua kijiti, akavunja jani, akalisaga vidoleni. Akamwambia Naserian neno moja, na Naserian akageukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Hii ni leleshwa," Koko akasema. "Hii tunaweka kwapa."

Kisha akanyoosha kidole ndani ya nyumba, juu ya meko. Pale, kwenye dari, palikuwa na fito za oloirien zimepangwa, zimekauka kwa miaka, za kutosha vibuyu vya wilaya nzima. Majani ya leleshwa hayakupotea lakini. Koko aliniambia niyaweke mahali pake, na baada ya mwendo ule nadhani alikuwa na sababu.

Mimi nilidhani Koko atakitengeneza kibuyu yeye. Alikataa.

"Imekuwa mpya," akasema. "Kibuyu mpya inaanzishwa na mwenye ataitumia. Naserian, kaa hapa."

"Koko, mimi sijui. Mimi nanunua maziwa ya pakiti."

"Najua. Ndiyo maana kaa hapa."

Siku mbili na nusu nilitazama jambo ambalo chumba chetu, na maandishi yake yote niliyoyachapa kwa wino wa rangi, hakikuwahi kulisema. Naserian alitoboa matundu madogo kwa msumari uliochomwa, akashona ufa kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe, akaziba kwa mafuta. Alichoma fito, akaingiza kaa jekundu ndani, akatikisa, akafunga, akafungua, akasugua ndani kwa ufito wenye nywele za mkia wa ng'ombe. Akatoa. Akaanza tena. Kucha zake mbili zilivunjika siku ya kwanza. Koko alikaa amefumbata mikono nyuma, hakugusa kitu, alisema tu, "Bado." Niliuliza kama naweza kusaidia. Akasema ninaweza kwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa tayari wanaangaliwa.

Kati ya "bado" moja na nyingine nilichukua daftari. Nilimuuliza Koko juu ya kila kitu nilichokikumbuka katika chumba chetu, nani wa kuulizwa kikilowa, kikiungua, kikiliwa na mchwa. Alijibu ya Wamaasai, na ya Wakamba akaniambia, "Uliza mama yako." Nikamwambia mama alishafariki. "Basi ulichelewa," akasema, na hapo tena hakuwa anatania.

Ijumaa jioni alikichukua kibuyu mara ya kwanza. Akanusa. Akanusa tena, amefumba macho.

"Inanuka nani?" Naserian akamuuliza.

Koko akafumbua macho. "Inanuka wewe," akasema, akamrudishia.

Akanigeukia mimi, akaniambia sasa ni Ijumaa. Nikaelewa kwamba hasira imekwisha. Akanipa maziwa ya mgando, nikayanywa yote, ingawa mnajua tumbo langu na maziwa ya mgando.

Jumamosi, kutoka nyumbani

Nimewaambia harusi ilivyokuwa, nguo na nyama, wala sitarudia. Nawaambia lile dogo tu ambalo hamkuliona kwenye picha.

Bibi harusi wa Kimaasai akishatoka kwao hageuki nyuma. Anatembea taratibu, macho mbele, hata akiitwa. Naserian alitoka amefunikwa shanga kuanzia kichwani, kibuyu kimejaa maziwa, kimening'inia kwa mkanda nyuma ya kiuno chake. Alifundishwa kushona Jumatano. Mshono ulikuwa wa kwanza maishani mwake. Na kama ungeachia, yeye asingejua, wala asingegeuka kutazama, na watu wote nyuma yake wangeona maziwa ya ukoo yakimwagika mavumbini siku ya kwanza ya ndoa.

Kwa hiyo nilimfuata. Wengine waliimba, mimi nilitembea nimeinama, natazama ardhi hatua kwa hatua. Tangu Alhamisi jua lilikuwa limerudi kwa nguvu na njia ilikuwa vumbi jepesi, jekundu, la kuonyesha hata tone moja. Shangazi mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia hereni. Akaanza kutafuta na yeye, halafu mwingine, na kabla hatujafika langoni tulikuwa wanawake wanne tumeinama nyuma ya bibi harusi. Koko alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Hakutazama shanga wala wageni. Alikuwa anatazama chini, palepale nilipokuwa natazama mimi.

Naserian alipita. Alinyoosha shingo, akaenda.

Nilipofika mahali magari yaliposimama, nilijifanya namtengenezea shuka. Nikapitisha vidole chini ya tumbo la kibuyu, polepole, juu ya kila tundu la ule mshono. Nikavitoa, nikavitazama kwenye jua. Vilikuwa vikavu.